Kujiamini si Kujionyesha

Mwisho wa mwezi unapowadia, kota za polisi na kambi za jeshi hubadilika sura kwa muda wa siku chache. Redio iliyokuwa ikisikika ndani ya nyumba husikika mpaka barabarani, kantini hujaa, na kijana aliyeshonewa tepe yake ya kwanza juzi huwaagizia vinywaji watu asiowajua hata kwa majina. Ifikapo tarehe kumi ya mwezi unaofuata, kijana yuleyule huonekana kwenye mlango wa nyuma wa duka, akimwomba mwenye duka amwandikie sukari katika daftari. Mkewe anajua. Watoto wanajua. Wale aliowanunulia vinywaji nao wanajua, na aghalabu wao ndio wa kwanza kumcheka.

Jambo hili si la askari peke yao. Karani wa wilaya, mwalimu na mfanyabiashara nao wamo. Hata hivyo kwa watu wavaao sare lina uzito wa namna yake, kwa kuwa sare yenyewe ni kitu cha kutazamwa. Buti hung'arishwa zionekane, gwaride huchezwa mbele ya macho ya watu, na cheo hushonwa mahali ambapo kila apitaye atakisoma. Mtu aishiye siku zote ndani ya vitu vya kutazamwa aweza, pasipo kukusudia, kuanza kuamini kwamba kisichotazamwa hakina thamani. Hapo ndipo kujiamini na kujionyesha huchanganywa, maana kwa mbali mambo hayo mawili yanafanana: mwenye hili na mwenye lile wote hutembea kifua mbele, na wote husema kwa sauti isiyotetemeka. Tofauti yao haionekani kwa kuwatazama wakiwa mbele ya watu. Lazima mtu aulize wanafanya nini wakati watu hawapo.

Uganda inao mfano ulio bora kuliko mafundisho mengi ya midomo, nao ulitoka katika jeshi la polisi.

John Akii-Bua alizaliwa mwaka 1949 huko Lango, kaskazini mwa nchi, katika nyumba ya chifu aliyekuwa na wake wengi na watoto zaidi ya arobaini. Aliacha shule mapema, akaingia polisi angali kijana katika miaka ya 1960, na ni huko polisi alikojifunza mbio za kuruka viunzi. Aliyemfunza mwanzoni alikuwa askari mwenzake, Jorem Ochana, ambaye naye alikuwa mruka viunzi hodari. Ochana hakutaka kijana ainuke juu mno anapovuka kiunzi, kwa sababu kila sentimita ya kwenda juu ni wakati unaopotea. Basi aliweka ufito juu ya kiunzi, ili mwanafunzi asiyeinamisha kichwa ajigonge. Akii-Bua alijigonga, na kovu likabaki katika paji la uso wake.

Mwaka 1968 alifika Uganda mwalimu kutoka Uingereza, Malcolm Arnold. Huyu ndiye aliyemhamisha kijana kutoka mbio fupi za viunzi za mita 110 na kumtia katika zile za mita 400, ambazo wakimbiaji wengi huziogopa. Viunzi ni kumi, kila kimoja kina kimo cha sentimita 91, na baina ya kimoja na kingine pana mita 35. Mtu hukimbia mbio za kasi kamili huku akihesabu hatua; akikosa hesabu hata kwa hatua moja, hufika kwenye kiunzi akiwa karibu mno au mbali mno. Wakimbiaji wengi wamezoea kutanguliza mguu mmoja tu wanaporuka. Wakichoka, na hatua zao zikafupika, hulazimika kuongeza hatua mbili kwa pamoja ili mguu uleule uje tena mbele. Akii-Bua alijifunza kutanguliza mguu wowote, wa kulia au wa kushoto, kwa hiyo aliweza kuongeza hatua moja tu na kuendelea bila kuvunja mwendo. Jambo hilo mtazamaji aliyekaa jukwaani hawezi hata kuliona. Humgharimu mkimbiaji miezi mingi, na halishangiliwi na mtu.

Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh mwaka 1970, alimaliza wa nne. Wa nne hapewi medali. Anarudi nyumbani pamoja na waliomaliza wa mwisho, na katika uwanja wa ndege hakuna ngoma. Huo ndio wakati unaompima mtu. Mwenye kutaka sifa hujiuliza, baada ya kushindwa kwa namna hiyo, atasema nini ili aonekane hakushindwa: atataja jua, atataja viatu, atataja mwamuzi. Akii-Bua alirudi mazoezini. Alipanda vilima akikimbia, akavaa fulana iliyotiwa uzito, akaruka viunzi virefu kuliko vile vya mashindano yake, akarudia. Hakuna aliyelipa kiingilio kuyatazama hayo.

Ilipofika tarehe 2 Septemba 1972, katika fainali ya Olimpiki mjini Munich, alipewa njia ya kwanza, yaani ile ya ndani kabisa. Wanaoufahamu mchezo huo wanajua kwamba ni njia isiyopendwa. Mwenye kuikimbia hupinda kona kali kuliko wenzake, na kwa kuwa njia za nje huanzia mbele, yeye huwaona wote wako mbele yake tangu mlio wa bastola. Miongoni mwa hao alikuwamo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, na Ralph Mann wa Marekani. Akii-Bua alikuwa na umri wa miaka 22.

Aliogopa. Njia ile ilimsumbua, na usiku wa kuamkia fainali hakulala vizuri. Yafaa jambo hilo likumbukwe na kila anayedhani kwamba mtu mwenye kujiamini ni yule asiyejua hofu. Mtu asiyejua hofu kabisa, mara nyingi hajui kazi iliyo mbele yake. Kujiamini ni kitu kingine: ni kuijua hofu, kisha kuingia uwanjani ukiwa na hesabu ya yale uliyokwisha kuyafanya. Hofu haiwezi kuifuta hesabu hiyo, kwa sababu haikuandikwa na watu wengine.

Hemery aliondoka kwa kasi kubwa, akaongoza nusu ya kwanza. Katika kona ya mwisho polisi wa Uganda alimfikia, akampita, akaendelea kuruka kana kwamba viunzi vya mwisho vilikuwa vifupi kuliko vya kwanza. Saa ilionyesha sekunde 47.82. Kabla ya siku hiyo hakuna mwanadamu aliyewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Mann alifuata kwa 48.51, na Hemery kwa 48.52. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Uganda.

Baada ya kuvuka mstari hakusimama. Alizunguka uwanja akikimbia na kucheza kwa furaha, akiruka viunzi vilivyokuwapo na visivyokuwapo, na umati ukamshangilia. Huenda msomaji akauliza: je, huko si kujionyesha? La. Furaha iliyokuja baada ya kazi si kujionyesha, wala mtu anayejiamini halazimiki kununa au kukaa kimya kama mgonjwa. Wako watu wanaodhani unyenyekevu ni kuinamisha kichwa na kusema "mimi si kitu", huku wakingoja wenzao wapinge na kuwasifu. Huo nao ni ujanja wa kutafuta sifa, tena ni mbaya zaidi kwa kuwa umevaa nguo ya adabu. Aliyeshinda na afurahi. Ila furaha ya Akii-Bua ilikuja baada ya mbio, na hakuihitaji ili aanze kukimbia.

Sasa utazame upande wa pili wa miaka hiyohiyo. Serikali iliyompokea Akii-Bua aliporejea ilikuwa ya Jenerali Idi Amin, aliyetwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971. Ilimpandisha cheo, ikampa nyumba, na jina lake likatiwa kwenye barabara moja ya Nakasero mjini Kampala, ambako lingali linasomeka. Yote hayo alistahili. Lakini katika mwaka 1971, ndani ya kambi za Jinja na Mbarara, askari wengi wa Kiacholi na wa Kilango waliuawa na askari wenzao. Akii-Bua alikuwa Mlango. Utawala uliokuwa ukiwaua ndugu zake ulimchukua yeye na kumbandika kifuani kama nishani nyingine.

Na nishani zilikuwa nyingi. Mwaka 1975 Amin alijipa cheo cha Fildi Masho. Mwaka huohuo, wakati wa mkutano wa viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala, alibebwa katika kiti na Waingereza wanne mbele ya wageni na wapiga picha. Mwaka 1976 alitangazwa kuwa rais wa maisha. Baadaye akajitwalia jina la Mshindi wa Dola ya Uingereza. Majina yake yakawa marefu kiasi kwamba msoma habari alihitaji kuvuta pumzi kabla ya kuyaanza.

Watu wamezoea kusema debe tupu haliachi kuvuma. Lakini ukweli ni mgumu kuliko methali, kwa kuwa mtu huyu hakuwa debe tupu. Alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda kwa miaka mingi ya 1950. Alianzia chini kabisa katika jeshi la Keya, na mwaka 1961 alikuwa mmoja wa raia wawili wa kwanza wa Uganda kupewa uofisa kamili. Hayo hayakuwa maneno matupu. Aliyapata kwa nguvu za mwili wake na kwa subira ya miaka kumi na mitano. Mtu mwingine angetosheka. Shida ya mwenye kutafuta macho ya watu ni kwamba hata kile alicho nacho kweli hakimtoshi, maana hakukihesabu yeye mwenyewe. Anangoja wengine wamhesabie kila siku upya, na siku wasipomhesabia hukasirika. Mtu wa namna hiyo akiwa na daftari la duka tu, huitia njaa nyumba yake. Akiwa na jeshi, hutia msiba nchi nzima.

Tabia ya mkubwa haikukaa ikulu. Baada ya Waasia kufukuzwa nchini mwaka 1972, maduka na viwanda vyao viligawiwa watu wengi ambao hawakuwa wamewahi kuuza hata chumvi. Raia wakawapa jina la mafutamingi. Wakati fulani walionekana kila mahali: viatu virefu, magari ya kupewa, noti zilizotupwa mezani ili zionekane. Bidhaa zilipokwisha rafuni, hakuna aliyejua ziagizwe wapi, na maduka yakafungwa. Wazee wa Kampala wanaokumbuka siku hizo hulitamka neno mafutamingi kwa kicheko kidogo tu, kwa sababu waliopanga foleni ya sukari ni wao.

Nini kiliwapata wanaume hao wawili? Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 ilisusiwa na nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwamo, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi. Akii-Bua hakukimbia. Katika mbio zake alishinda Edwin Moses wa Marekani, na akaivunja rekodi ya Munich. Mwaka 1979, vita vilipoifikia Kampala, Akii-Bua alikimbilia Kenya pamoja na familia yake na akajikuta miongoni mwa wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kwenda Ujerumani, akafanya kazi huko. Mwaka 1980 alikwenda Moscow kuikimbilia Uganda, lakini hakufika fainali; miguu ya mtu wa miaka thelathini aliyepitia hayo yote haikuwa ile ya Munich. Baadaye alirudi nchini, akarejea polisi, kazi ileile aliyoianza kijana. Alifariki mwezi Juni 1997, akazikwa kwa heshima za taifa. Amin alikuwa amekwisha kimbia nchi mwaka 1979, na alifia Jeddah mwaka 2003, akiwa ugenini, pasipo gwaride.

Haifai kuipamba habari ya Akii-Bua ionekane kana kwamba wema hulipwa daima. Alipoteza rekodi bila kupewa nafasi ya kuitetea. Alipoteza nyumba. Alikufa kabla ya kutimiza miaka hamsini. Lakini mtu aliyekuwa amekwisha kupokelewa kwa ngoma na kuona jina lake juu ya nguzo ya barabara, kisha akarudi kuvaa sare ya polisi na kwenda kazini asubuhi kama wengine, alikuwa na kitu ndani yake ambacho ngoma hazikukileta. Mwenye kuishi kwa kutazamwa asingeweza kurudi. Angeona aibu.

Kutoka uwanja wa Munich hadi nyumba ya vyumba viwili katika kota za polisi ni mbali, lakini jambo ni lilelile, na nyumbani ndiko hasa linakoumiza.

Chukua mfano wa likizo. Askari anapata ruhusa ya kwenda kwao baada ya mwaka mzima. Hana akiba ya kutosha, ila hawezi kuvumilia kufika kijijini kwa basi na kutembea kwa miguu kutoka barabara kuu, huku watu wakimtazama. Basi anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani na kuchukua shilingi 600,000 kwa riba ya asilimia kumi kwa mwezi. Anakodi gari siku mbili, ananunua mbuzi, anagawa noti kwa wazee. Kijiji kinasema kijana amefanikiwa. Anaporudi kazini, kila mwezi anatoa shilingi 60,000 za riba peke yake; baada ya miezi sita amekwisha kutoa 360,000, na deni lenyewe lipo palepale, halijapungua hata shilingi moja. Na kijiji, kilichosadiki kuwa amefanikiwa, kinamwandikia kuomba karo ya wadogo zake wanne. Sasa atajibu nini? Akikataa, ni mchoyo. Akisema hana, alidanganya. Mwenzake aliyefika kwa basi na kilo mbili za sukari, na ambaye kila mwezi huweka kidogo katika chama cha kuweka na kukopa cha askari, hakuimbiwa na mtu siku ile. Lakini mama yake alipougua mwezi wa nane, aliweza kumpeleka hospitali.

Kinamama nao wasidhani wameachwa kando. Kuna harusi katika kambi, na inasemekana kila mke wa sajini atavaa gomesi jipya la aina moja. Mke asiye na fedha ana njia mbili. Anaweza kumsumbua mume mpaka akope, au kuchukua kwa mkopo kwa mchuuzi apitaye nyumba kwa nyumba, jambo ambalo mume ataligundua siku mchuuzi atakapopiga kelele mlangoni. Au anaweza kulifua gomesi lake la zamani, kulipiga pasi vizuri, kwenda harusini na kucheza. Watu watasema? Watasema kwa muda wa nusu saa. Baada ya hapo chakula huletwa, na kila mtu humtazama bibi harusi, kama ipasavyo. Mwanamke aliyewahi kufanya hivyo mara moja na kuona kuwa hakuna lililompata, amepata uhuru ambao fedha haiununui.

Liko jambo jingine ambalo wenye nyumba husita kulisema. Mume anayenyenyekea kupita kiasi mbele ya wakubwa wake kazini, mara nyingi huja kuutafuta ukubwa wake jikoni. Anaamuru. Anataka chakula kiwe mezani dakika hiyohiyo, watoto wasimame, mke asihoji. Majirani wakisikia sauti yake ukutani, yeye huona ndivyo inavyopasa, kwamba wajue nyumba hii ina bwana. Lakini nyumba si kikosi. Afisa anayejua kazi yake haongezi sauti kila saa, kwa maana amri yake inatiiwa tangu ya kwanza. Yule asiyejiamini ndiye anayerudia amri mara tatu na kutishia mara nne. Watoto huipima tofauti hiyo kwa uhodari wa kutisha. Wakifika umri wa miaka kumi wanajua ni lini baba ana neno na ni lini ana kelele.

Kwa askari wenyewe kuna hatari inayozidi deni na kelele. Kijana mpya anaona haya kuuliza mbele ya wenzake jinsi ya kuifungua bunduki na kuhakikisha haina risasi, kwa hiyo anatikisa kichwa kana kwamba ameelewa. Mwingine anakwenda baa na bastola kiunoni, shati limepandishwa makusudi ili mpini uonekane, na kufikia chupa ya tatu anaitoa ili rafiki zake waishike. Hakuna haja ya kueleza yanayofuata. Kila kambi inalo kaburi la namna hiyo, na aghalabu aliyelala humo si yule aliyekuwa akijionyesha, bali ni mtu aliyekuwa amekaa meza ya pili. Askari mwenye uhakika na kazi yake husema bila aibu, "Afande, hapo sijaelewa, nionyeshe tena." Maneno hayo ni mafupi. Kuyasema mbele ya kikosi kizima kwataka moyo kuliko kupiga kifua, na mkufunzi mwenye akili humheshimu ayasemaye, kwa kuwa anajua angalau mmoja atakuwa salama.

Basi watoto wetu hujifunzaje kuwa wa aina hii au ile? Si kwa kuambiwa "jiamini". Neno hilo halina kitu ndani yake. Ni sawa na kumwambia mtu mwenye njaa ashibe. Mtoto hujifunza kwa kuona ni kitu gani kinachowafurahisha wazazi wake. Katika nyumba nyingi, mgeni akifika, mtoto huitwa kutoka nje alikokuwa akicheza, huoshwa uso haraka, na kuamriwa asome Kiingereza mbele ya mgeni. Anasoma. Mgeni anapiga makofi, baba anacheka, mama anatazama chini kwa fahari. Mgeni akiondoka, kitabu hutupwa kando, na hakuna anayemuuliza mtoto maana ya alichosoma. Akifanyiwa hivyo mara ishirini, mtoto atakuwa ameelewa vizuri sana: elimu ni ya wageni. Atakapokuwa mkubwa na mgeni hayupo, hatasoma.

Walimu wa shule za msingi wanamfahamu mtoto huyo mara tu aingiapo darasani. Ndiye anayeinua mkono kabla swali halijaisha, na akikosa jibu hulia, au huwacheka wenzake waliokosa. Kando yake huketi mwingine asiyeonekana sana, ambaye hesabu ikimshinda huifuta na kuianza upya bila kumtazama mtu. Mwalimu anayejali hupita karibu na dawati hilo, husimama kidogo, huweka alama, kisha huenda zake bila kutangaza lolote kwa darasa. Mtoto hutazama alama, na hurudi kwenye hesabu inayofuata.

Mzazi aliye zamu mchana kutwa, akirudi jioni amechoka na buti zina vumbi, aweza kufanya jambo hilohilo kwa dakika tano. Aombe daftari. Asiulize mtoto amekuwa wa ngapi darasani, wala mtoto wa jirani amepata ngapi. Amuulize ni hesabu ipi ilikuwa ngumu leo, na aliifanyaje. Kisha avute kiti, asikilize mpaka mwisho.